Pipa la Mabua na Posa ya Esteri

Kitanga, Kasulu
7 Agosti 2014

Kwako Bwana Shamba Makarius, mwanangu,

Sisi hapa hatujambo, isipokuwa pipa. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo palipopinda panyooshe mwenyewe.

Ulitufundisha kina mama kulima uyoga. Ukasema mabua ya mpunga tuyazamishe kwenye pipa la maji, tufunike siku kumi mpaka yachachuke, ndipo tuchanganye mbegu. Nimefuata vyote. Sasa malalamiko.

1. Mfuniko sina, nikafunika kwa majani ya mgomba na jiwe juu, kama tufunikavyo pombe ya ndizi. Siku ya tatu povu likatoka. Kijiji kizima kinasema Mama Esteri kapika pombe, anaificha.

2. Jirani yangu Ndayiragije anakuja kila asubuhi na kibuyu. Namwambia ni mabua. Anasema, "Mama Esteri, hata ikiwa changa mimi nakunywa." Nikamfunulia anuse. Akanusa, akarudi nyuma kidogo, akasema hiyo ni kali, atasubiri.

3. Hili ndilo linaninyima usingizi. Mzee Bazilio wa Kagerankanda alikuja kumposea mwanawe binti yangu Esteri. Nikampa chai. Akatazama chai, akatazama pipa, akaaga bila kuitaja posa. Kwetu mwenye pombe hampi mkwe chai. Mtoto analia tangu juzi, na baba yake, Venanti, ananiuliza mimi mabua haya ya nini, kama vile niliyaota mwenyewe.

Jumapili Mzee atapita tena akienda Kabanga kuona mgonjwa. Kwa hiyo naiomba serikali:

(a) iandike barua yenye muhuri kwamba yale ni mabua;
(b) uje wewe mwenyewe umsomee kwa sauti;
(c) asipoamini, unywe kikombe kimoja cha maji yale mbele yake. Akiendelea kununa, viwili.

Msalimie mama watoto, na karani wenu yule wa kikohozi, anywe maji ya moto.

Ni mimi mwanafunzi wako wa uyoga,
Mama Esteri

Nyongeza: Kabla sijaituma, Mzee Bazilio amekuja leo hii na ndugu zake wanne, kila mtu na kibuyu chake. Wamesema hawana haraka, watangoja iive. Katika kungoja huko posa imetajwa, imekubaliwa, na harusi ni Oktoba. Basi usije, na muhuri uacheni hukohuko. Ila nijibu upesi: mabua yakikaa majini mpaka Oktoba, uyoga utakubali?