Kofia ya Msimamizi

Jumatatu, 3 Februari

Wewe mjukuu, miguu imeota mizizi huko? Najua ndiwe unayeipekua shajara yangu kila ukija. Basi soma! Shule sikuiona hata mlango, herufi zangu zimepinda, soma hivyo hivyo.

Mjomba wako, kitinda mimba wangu, leo kapanda kuezeka ghala kifua wazi. Mabati mapya! Jua linakupiga mgongoni, bati linakurudishia usoni. Nikamwambia avae shati. Fundi Domo, mwenzake, akacheka huko juu: eti mtu mweusi haungui, na isitoshe kuna mawingu. Mwanangu naye akacheka. Domo akipiga chafya, yeye anapangusa pua.

Jioni karudi, hataki kuegemea kiti. Mgongo haukuwa mwekundu. Ngozi yetu haisemi kwa rangi. Nikaweka kiganja. Moto kama pasi! Na ngozi imevutika kama ngoma. Nikammwagia maji ya baridi, akapiga yowe.

Jumanne, 4 Februari

Malengelenge mgongo mzima. Kichwa kinamgonga, anatapika, anatetemeka na blanketi juu. Domo kaja na sindano na dawa ya meno: atoboe, apake. Nimemtoa mbio na mwiko!

Hospitali. Daktari kasema tumewahi, tungekawia maji yangemwishia mwilini. Malengelenge yaachwe, anywe maji kwa wingi, jua asilione mpaka ngozi ipone. Mwanangu kalia kama mtoto. Mimi pia, ila nilikwenda kulilia bafuni.

Jumatatu, 17 Februari

Kapona, karudi juu ya paa. Nimemshonea kofia ya ukingo mpana, na kitambaa cha kufunika shingo. Nimekata pazia la sebuleni la mama yako. Hajajua. Nyamaza.

Nikamnyemelea nyuma: kaivua kabla ya kufika kona! Domo, waliyekutana njiani, kamwita bibi harusi. Nimeiokota, nimerudi nyumbani nikagombana na sufuria.

Jumanne, 18 Februari

Mpenda sifa hasukumwi, anapambwa. Nimekwenda ghalani na kofia nyingine, pazia la pili. Nikamwambia Domo, mafundi wote wakisikia, kuwa hii ni ya msimamizi, asiiguse. Akauliza msimamizi ni nani hapa. Nikamjibu kuwa anayefaa anajijua.

Kufumba na kufumbua, iko kichwani mwake!

Mchana mwanangu kaja mwenyewe, mnyonge, anauliza ile yake iko wapi. Nilikuwa nimeikalia.

Alhamisi, 20 Februari

Ushindi! Paa zima ni maua ya pazia. Mafundi wote kofia, wote mikono mirefu, na jua la utosi likifika wanashuka kivulini. Domo ananiita Mama Msimamizi, nami naitika.

Tangu juzi nashinda pale nje ya ghala juu ya tofali, nihakikishe hakuna anayevua. Nimevaa lile gauni langu la mabega wazi, maana joto halivumiliki. Kofia? Ya nini? Mapazia yamekwisha, na mimi jua linanijua tangu utoto.

Mama yako kanigusa bega, eti pasi. Hasira za pazia hizo! Ni joto la jiko tu. Leo sijaliwasha, lakini ni joto la jiko.

Ukija tena, njoo na mapazia. Na unisalimie kwa mdomo. Ole wako unikumbatie!