Kitambaa cha Bibi na Kompyuta Iliyogoma

Jana Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo ndiyo niliyoanza kujichimbia kaburi mwenyewe. Nimeumbuka jamani, wanadarasa wenzangu, tena mbele ya fundi.

Baba kanunua kompyuta ya mtumba kwa Bwana Jayanti, mfanyabiashara wa Mtaa wa Aggrey. Kapewa siku saba: ikisumbua, airudishe. Jana ilikuwa ya saba. Na jana hiyohiyo mimi nikataka kuweka mfumo wa Linux kando ya ule wa Windows, ili ukiwasha itokee menyu, uchague unayotaka.

Baba akasema, "Weka. Ila ikigoma, saa kumi jioni inarudi kwa Jayanti, na wewe unarudi kwenye kalamu."

Mniambie, nani mwingine nyumbani angeumia? Ni mimi tu ninayeitumia kwa maana. (Kaka yangu Kassimu anacheza karata.)

Kompyuta yenyewe ni kasha la kulala, skrini imekaa juu yake. Katikati Bibi katandaza kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, kimening'inia mbele mpaka mezani. Televisheni ina chake, redio ina chake, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake. Kukiondoa ni marufuku. "Vumbi la Kariakoo lote hili, mnataka mashine ikohoe?" Basi mimi hufunua ncha ya kushoto tu, penye kitufe cha kuwashia na mlango wa CD, kama ninayechungulia kwa jirani.

Linux ikaingia vizuri. Nikatoa CD, kompyuta ikajiwasha upya. Menyu? Hakuna! Skrini nyeusi na maneno ya Kiingereza kwamba diski hii haina mfumo, ibadilishe, kisha bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza chochote. Nikabonyeza vyote.

Nikarudisha CD, nikaandika upya ile programu ndogo inayoleta menyu. Ikasema imefanikiwa. Nikatoa CD, nikawasha. Maneno yaleyale. Nikarudia. Yaleyale! Mara ya nne nilikuwa nalia kwa hasira, nimeshika ncha ya kitambaa kama leso.

Hapo Kassimu akatokea na mswaki mdomoni (saa sita mchana!).

"Vipi, mhandisi? Jiko haliwaki?"

Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu nanong'ona, nilipiga kelele mpaka wauza vitenge wa chini wakatazama juu. "Ni wewe! Umeigusa! Baba, Kassimu kaiua kompyuta!"

"Mimi? Tangu Alhamisi sijaisogelea!"

"Mwongo mkubwa!"

Akatemea povu dirishani, akaenda zake. Nikaona hiyo ndiyo dalili ya hatia.

Baba akamwita Fundi Mudi wa ghorofa ya chini. Anatengeneza redio, pasi, na tangu mwaka jana kompyuta pia. Fundi hakuketi. Aliinusa. (Ndiyo, aliinusa, kama samaki wa soko la Feri.) Akagonga kasha mara mbili.

"Diski ya ndani imeungua."

Nilitaka kuuliza imeungua saa ngapi wakati imetoka kumeza Linux nzima. Sikuuliza. Haya yangu hii itakuja kuniua.

"Basi," Baba akasema, "inarudi kwa Jayanti. Fundi, nisaidie kubeba."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Fundi akanyanyua skrini, na Bibi, ambaye muda wote alikuwa kwenye kochi, akaja kuchukua kitambaa chake.

"Hiki hakiendi kwa Jayanti. Nakifua leo." Akakivuta. Kisha akainama. "Na hapa kulia mbona pametokeza kama kitovu?"

Akabonyeza. Tak! Ikachomoka flopi nyeusi, kile kidiski cha mraba cha kuhifadhia maandishi.

Kassimu, aliyekuwa mlangoni kushuhudia mazishi, akaichukua. Juu yake karatasi nyeupe, mwandiko mzuri, wino mwekundu. Akasoma polepole, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari:

"Shajara ya Zaina. Siri. Kassimu usiguse."

Jamani! Ijumaa niliandika shajara yangu, nikasikia hatua zake, nikazima haraka, nikashusha kitambaa. Flopi ikabaki upande wa kulia, ule ambao sifunui. Na CD ikitoka, kompyuta husoma flopi kwanza kabla ya diski ya ndani. Siku nzima iliniambia ukweli: diski hii haina mfumo. Nami nikaandika upya kitu kizima mara nne!

"Nilikuwa nashuku hilohilo," akasema Fundi Mudi.

Ulishuku nini wewe, uliyekuwa unanusa?

Baba akarudisha skrini, akawasha mwenyewe. Menyu ikatoka, mistari miwili, inang'aa. Hakuna aliyeitazama. Wote walinitazama mimi.

"Kompyuta inabaki," Baba akasema. "Sasa mwambie kaka yako."

Nikakimbilia chooni, nikajifungia mpaka magharibi.

Leo Jumapili nimeamka kabla ya wote. Kitambaa kilishakauka, Bibi kakirudisha palepale. Nimekibana upande wa kulia kwa vibanio viwili vya nywele, kama pazia. Nimeshuka kununua vitumbua sita, nikamwekea Kassimu mezani na kikaratasi: "Samahani. Kosa ni langu." (Kuandika naweza.) Kavila vyote sita, kisha akasema hakuona kikaratasi chochote, nimsomee. Kwa sauti. Mbele ya Bibi. Nimemsomea.

Flopi nimeibandikia karatasi mpya: "Itoe kabla ya kuwasha." Na chini yake, kwa herufi ndogo, Kassimu bado haruhusiwi kugusa.

Atakayecheka kesho darasani, kompyuta yake ikigoma akamwite Fundi Mudi aje ainuse.