Goti Ambalo Sikupaswa Kulishika

Jamani, leo nimejidhalilisha mchana kweupe hapa hapa Songea, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Natafuta wenye magoti mabovu wakubali kuingia kwenye utafiti wa upasuaji. Kuieleza ni shughuli! Wengine wanapasuliwa kweli, wengine wanachanwa ngozi tu na kushonwa, na hakuna anayeambiwa yeye ni yupi mpaka mwaka uishe. (Jaribu kumwambia hivyo mtu aliyepanda basi kutoka Nalasi. Wengi huniaga kwa heshima na hawarudi.)

Asubuhi akaingia mama mmoja anachechemea. Nikampa shikamoo ya nguvu, nikachuchumaa, nikalishika goti lake na kuanza kulibonyeza huku namwaga sera.

"Yaani mnichane, mnishone, na ndani msiguse kitu?"

"Inawezekana, mama. Kura ndiyo inaamua."

"Halafu nikae mwaka mzima nadhani nimetibiwa?"

"Ukikubali tu, mama. Hatumlazimishi mtu. Mimi ni kama mwanao, siwezi kukudanganya."

Akacheka. Nikajua nimempata. Akaniuliza kama nimeoa. (Hapa ndipo nilipaswa kufunga bakuli langu.)

"Bado, mama. Kuna binti nimemposa, anafundisha hapa mjini, kwao Lusewa. Mshenga wangu alikwenda kwao tangu Pasaka, mpaka leo jibu hamna!"

"Lusewa? Kwa nani?"

"Kwa yule mzee mwenye mashine ya kusaga. Mzee hana shida. Tatizo mkewe, anaringa huyo! Utadhani anaozesha malkia."

"Ehee. Hebu endelea, mwanangu."

Nikaendelea! Nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa.

Mlango ukafunguliwa. Neema wangu, binti mwenyewe niliyemposa, na chupa ya chai mkononi.

"Mama, chai yako hii..." Akaniona. "Wewe! Nilikuwa nakutafuta nikwambie mama kafika jana. Sasa unamfanya nini?"

Mama mkwe! Mtu ambaye kwa desturi zetu sipaswi hata kumpa mkono kabla ya kukaribishwa, mimi nimelikumbatia goti lake. Nilitamani nipasuliwe mimi, tena bila ganzi.

Mama akashusha kitenge chake taratibu, akasimama, akatoka anatembea vizuri kabisa. (Kapona bila hata kuchanwa.)

Mchana kutwa sikula. Nampenda Neema, jamani, nikajua ndiyo basi tena.

Jioni hii mshenga kapiga simu. Sauti yake inatetemeka, sijui kwa huzuni au kwa kicheko.

"Jibu limekuja. Mama kakubali."

"Asante Mungu!"

"Subiri. Kasema tufuate utaratibu wa kazini kwako. Itapigwa kura. Unaweza kupata harusi yenye mke, au harusi tupu: suti, ngoma, pilau, picha, basi. Utaambiwa mwaka ukiisha. Na kasema hakulazimishi."

Naombeni msinicheke. Nimeshakubali kushiriki.