Mfuko Unaotaga Mayai

Jumatatu, 24 Agosti 1724

Gulio la Smithfield limefunguliwa! Kibanda chetu kiko kati ya mchoma nguruwe na Crispin Tulk, mfanya mazingaombwe kama mimi, mwenye wigi refu na mdomo mrefu zaidi. Sijalala. Mwanangu Kezia anaota jino. Hata hivyo jukwaani nimeng'ara. Nimeugeuza mfuko wangu ndani nje waone ni mtupu, nimeukanyaga, kisha mayai: moja, jingine, jingine! Mwisho kuku mzima, kutoka kwenye kikapu chini ya meza, kupitia tundu la siri la meza na la mfuko. Makofi! Tulk kapita nyuma akiniuliza, eti mama mtoto, mboga ya jioni unaitafutia jukwaani?

Mama mkwe kafika kutoka Deptford. Kamtazama Kezia, kanitazama mimi. Kasema Alhamisi atakuja kuangalia. Nikiaibika mbele za watu, anaondoka na Kezia, akalelewe kwenye nyumba yenye dari. Mume wangu Jabez kajifanya anakaza ngoma. Nimejibu kwa adabu: ndiyo, Mama. Moyoni: kwanza anizike.

Jumanne, 25

Mpango! Tulk akiharibikiwa, watu wote watakuja kwangu. Nimemtuma Jabez kibandani kwake akazomee. Karudi macho yanang'aa, sauti imemkauka. Kumbe kashangilia kuliko wote! Eti mke wangu, kageuza karata ikawa ndege, ndege anayeruka! Nimemwambia akalale na huyo ndege.

Jumatano, 26

Mpango bora. Kuku wangu ni mdogo, wa nyuma hawamwoni. Nimemfunga kwa kamba karibu na jiko la mchoma nguruwe, ale makombo anenepe. Jioni nimekuta kamba. Mchomaji kaapa alidhani ni zawadi. Kasema alikuwa laini. Jabez kakiri kipaja kimoja alikila yeye, bila kujua. Nimemnyonyesha Kezia huku nalia. Kisha nimejifuta. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 27

Hakuna kuku. Basi mayai matupu, kwa madaha! Mama mkwe kakaa mbele kabisa, mikono kifuani. Jabez yuko mlangoni na ngoma. Kezia nimpe nani? Bibi yake akimshika leo, hamrudishi. Nimembusu, nimemlaza kwenye kikapu cha kuku chini ya meza, nimeteremsha kitambaa. Kwa muda mfupi tu.

Yai la tatu, Tulk huyo, kapanda jukwaani kwangu! Kapaza sauti: jamani, mnaibiwa macho! Kuku yuko chini ya meza! Watu wakajibu: tuonyeshe basi! Tulk kaingiza kichwa chini ya kitambaa.

Halafu yowe. Tulk katoka na kipara kinachong'aa kuliko mayai yangu!

Sikungoja. Nimetia mkono mfukoni, nimepitisha kwenye tundu, nimemshika mwanangu kwapani, nimemtoa juu mbele ya halaiki. Na wigi la Tulk kalikamata kwa meno! Yaani kwa jino. Uwanja umelipuka! Tulk kapiga kelele kwamba mtoto alikuwa chini ya meza, kamwona kwa macho yake. Mwanamke mmoja kamuuliza: na nywele zako, babu, nazo zilikuwa chini ya meza?

Mama mkwe kasimama juu ya benchi, kofia imemwenda upande. Mjukuu wangu huyo! Ana jino!

Ijumaa, 28

Watu wamejipanga mpaka kwa mchoma nguruwe. Tulk kahamia upande wa mtaro. Deptford haijatajwa. Ila mama mkwe kanikalisha chini: binti yangu, mtoto haingii tena kwenye kikapu. Nimemwambia wala hukuhitaji kusema, Mama, mwanangu si kuku. Kezia kalala mapajani mwake, na mimi nimelala saa nzima, mchana! Nimeamka na mpango.

Watu walishamwona mtoto. Wanataka kikubwa zaidi. Nimemtazama mama mkwe. Kanitazama. Kauliza kikapu kikubwa kinapatikana wapi.

Jabez anapanua tundu la meza kwa msumeno. Anasema miguu ya meza haitahimili. Itahimili! Kuku mpya nimeshamfunga palepale jikoni kwa mchoma nguruwe. Safari hii kwa kamba mbili.