Malalamiko Kuhusu Kreti la Vitabu

Thadeo Mugeta,
Mshona Nyavu na Balozi Mstaafu wa Nyumba Kumi,
Mwaloni, Mugango.
Jumatatu.

Kwa Ndugu Prosper,
Mtunza Maktaba ya Jamii,
Makoko, Musoma.

Ndugu Mtunza Maktaba,

YAH: KUONDOLEWA KWA KRETI LA VITABU MUGANGO NA KURUDISHWA KWA MKE WANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka kumi na moja. Katika muda huo niliandika barua za malalamiko kuhusu fisi, kuhusu choo cha soko na kuhusu kwaya, na zote zilikuwa na namba. Na hii nimeiwekea namba ili usipotee njiani.

Nianze na chanzo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wewe huja na pikipiki yako, nyuma umefunga kreti la soda, na ndani yake hakuna soda. Kuna vitabu vya hadithi. Migongo yake umeibandika utepe: mweusi kwa hadithi za kutisha, kijani kwa za maajabu, mwekundu kwa za mapenzi, na mweupe kwa hizo unazoziita za fasihi. Siku ya kwanza uliomba mtu wa kulitunza kreti, na mke wangu Susana, yaani Mama Sara, akanyoosha mkono kabla hujamaliza kuomba. Sikupinga. Nilidhani vitabu vikishaingia ndani ya nyumba vitakaa kimya, kama Biblia ya marehemu baba yangu.

Havikukaa kimya. Wanawake wa mwaloni kwetu, hapa mitumbwi inapofikia, huanika dagaa asubuhi, na kugeuza dagaa ni kazi inayochukua mikono na kuyaacha masikio bure. Mama Sara akageuza ndoo, akaikalia, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti. Mimi hayo niliyasikia kwa bahati mbaya, kwa kuwa mahali pangu pa kushonea nyavu pako jirani. Ni kweli kwamba zamani palikuwa mbali, lakini nilihama kufuata kivuli. Jeska, jirani yetu, anasema pale hakuna kivuli. Jeska anapenda ubishi.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Utepe mweusi. Kitabu ulicholeta kinahusu kisima kinachowaita watu kwa majina yao. Anayeitika haonekani tena. Ukurasa wa sitini wanagundua kwamba kisima hicho kina uwezo wa kuita mara mbili tu. Anayeita mara ya tatu ni lazima awe mtu mwenye pumzi. Tangu siku hiyo, Ndugu Prosper, hakuna mwanamke mwaloni anayeitika kabla ya kuitwa mara ya tatu. Mimi nikitaka chai ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nahesabu. Mnunuzi wa dagaa kutoka Bunda alifika, akaita mara mbili, akadhani watu wamehama, akageuza gari. Kanisani mchungaji alimwita Mama Sara akasome matangazo, naye akabaki ameketi, akimwangalia mchungaji kwa huruma mpaka alipoitwa ya tatu. Sasa mchungaji anawaita waumini wote mara tatu tatu kwa kuokoa muda, na ibada inatoka saa nane mchana.

2. Utepe wa kijani. Humo kuna malkia anayeishi chini ya ziwa na kuwajua samaki wote kwa majina, kuanzia sangara hadi furu. Matokeo yake Mama Sara hampari sato bila kumwomba radhi. Humwambia, "Pole, mkubwa," ndipo anashika kisu. Mimi mume wake nilipojichoma sindano ya nyavu kidoleni niliambiwa nikatafute chumvi. Kama ingeishia jikoni ningevumilia, lakini imefika hadi kwa wanaume. Gody, mtoto wa dada yangu, ana mtumbwi. Alinieleza kwamba vijana wake waligoma kutupa wavu mpaka mmoja wao alisalimie ziwa kwa adabu. Wakasalimia. Siku hiyo wakapata sato wengi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Jambo hili linaidhoofisha hoja yangu, lakini malalamiko yasiyo na ukweli ni umbea, na mimi si mmbea.

3. Utepe mwekundu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Katika kitabu hiki kuna daktari kijana, na kila baada ya kurasa tano anamweleza mchumba wake kwa nini anampenda. Mara kicheko chake, mara macho, mara jinsi anavyofunga mlango. Sijui wagonjwa wa daktari huyo wanatibiwa na nani. Basi jioni moja, baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa, nikiwa nimeshika tonge mkononi, Mama Sara akaniuliza:

"Baba Sara, hivi wewe ulinipendeaga nini?"

Nilimjibu kwamba baba yake alikuwa mtu wa heshima. Akasema basi ningemuoa baba yake. Nikaongeza kwamba yeye pia alikuwa na afya nzuri. Akaondoa vyombo, na tonge langu likaondoka navyo.

Kesho yake swali lilikuwa limeingia nyumba zote. Samweli wa mashine ya kusaga, mtu ambaye hata salamu huijibu kwa kichwa, alimwambia mkewe papo hapo kwamba alipenda mwendo wake. Akatuharibia sote. Tuliobaki, wanaume saba, tukaitisha kikao cha dharura kwa Silasi fundi mitumbwi, na kwa uzoefu wangu nikakalia kiti. Agenda ilikuwa moja: jibu. Mjumbe alipendekeza "sura", ikakataliwa kwa hofu kwamba tungeulizwa ya lini. Mwingine akapendekeza "mapishi", ikakataliwa kwa sababu wawili kati yetu wangeonekana waongo wa wazi. Tukapitisha kwa kauli moja neno "tabia". Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakuwahi kukaa kwa Silasi. Jioni ile wanaume saba walisema "tabia" katika nyumba saba, na asubuhi wanawake saba wakakutana kwenye dagaa.

Kicheko kilisikika mpaka kanisani. Mama Sara peke yake hakucheka. Aliniangalia kidogo, akainama akaendelea kugeuza dagaa, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha wote sita.

4. Utepe mweupe. Ndugu Prosper, hiki ni kitabu gani? Kuna mzee na mkewe ndani ya nyumba, na mzee anatengeneza mlango. Basi. Anaanza kuutengeneza ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa mia moja bado anatafuta bawaba. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeibiwa, hata mbuzi hakupotea. Jeska na wenzake walikikimbia siku ya pili, wakaomba warudishiwe daktari. Hivyo Mama Sara akawa anakisoma nyumbani jioni, bado kwa sauti, nami nikawa nakaa pale kwa sababu ni kwangu.

Ukurasa wa 112 yule mzee anainua taa kutoka upande wake wa meza, anaiweka upande anaposhonea mkewe, kisha anarudi kwenye mlango wake kupapasa gizani. Hasemi neno. Mama Sara alipofika hapo machozi yakamtoka. Nikamuuliza analia nini na taa haikuvunjika. Akasema, "Alimwona." Nikamjibu kwamba bila shaka alimwona, wapo chumba kimoja.

Alikifunga kitabu taratibu sana. Mimi nikaona hii sasa ni hatari, na asubuhi nikakitia kitabu ndani ya gunia la nyavu kuukuu. Nakiri. Aliniuliza mara moja tu kiko wapi, nikasema huenda ni panya. Aliliangalia gunia, akaniangalia mimi, wala hakupaza sauti. Alisonga ugali, akanifulia mashati mawili, akasema anakwenda Bugwema kumsaidia dada yake Ghati kuvuna. Leo ni siku ya tisa. Mashati yote mawili yamechafuka.

Nimempigia simu mara mbili. Hakupokea. Ghati alinitumia ujumbe kwamba mgeni wake hajambo. Mke wangu ameshakuwa mgeni wa mtu. Nyumba imekuwa na ukimya ule ule niliokuwa nautaka, ila sikujua kwamba ni mkubwa hivi. Nina upweke, Ndugu Prosper. Hilo naliandika kama kielelezo, si kama malalamiko, ndiyo maana sikuliwekea namba.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba uje ulichukue kreti lako kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na tepe zako zote. Naomba pia umwandikie Mama Sara barua yenye mhuri, umjulishe kwamba maktaba imefungwa, vitabu vimekwisha duniani, na kwa hiyo hakuna sababu ya yeye kuendelea kukaa Bugwema. Mhuri uwe mkubwa. Aidha nashauri kwamba kuanzia sasa kila kitabu cha hadithi kiandikwe mbele, kwa herufi za kusomeka, kwamba waume waliomo ndani ni wa kutungwa na wasilinganishwe na waliopo. Ikishindikana, basi waandishi waelekezwe kuwapunguzia waume hao maneno, na ikibidi wanyang'anywe taa.

Nisalimie mama yako na wote wa Makoko, yule kijana wa duka aliyenichajia simu siku ile, na hata wasomaji wako wengine, kama bado wana ndoa.

Ndimi, katika kutetea amani ya nyumba na ubora wa dagaa,

Thadeo Mugeta

N.B. Leo ni Jumatano, na barua hii bado iko mezani kwa kuwa sikupata wa kumpa. Siku zote nilipokuwa balozi niliambatanisha ushahidi, kwa hiyo jana nilikitoa kile kitabu cheupe guniani ili ninakili sehemu mbaya. Nilianza ukurasa wa kwanza, kwa haki. Mchana ulipita na nyavu sikuzigusa. Yule mzee haongei, lakini ukisoma polepole unaona kwamba yeye kila wakati anajua mkewe yuko wapi. Nilipofika penye taa nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kwa muda.

Hapo ndipo nilipokumbuka soko la Bugwema, mwaka ule nilipokwenda kununua mtama. Msichana mmoja alifungiwa sukari katika kipande cha gazeti. Hakufika mbali. Aliimimina sukari kwenye pindo la kanga, akalinyoosha lile gazeti, akaanza kulisoma huku anatembea, mpaka akamgonga mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Akamwomba mbuzi radhi, akaendelea kusoma. Nusu ya sukari ilikuwa imemwagika na wala hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama na baiskeli yangu, na nikasema moyoni kwamba ni huyu. Baba yake nilikuja kumfahamu baadaye.

Kwa hiyo namba 1 hadi 4 uzifute, isipokuwa habari ya ibada, hiyo bado ni ndefu. Kreti libaki. Kitabu cheupe kinatakiwa kurudi Jumamosi ukija. Naomba umwongezee Mama Sara siku. Kesho Mseti, kijana wa bodaboda, atanipeleka Bugwema kwa pikipiki yake. Kwenye simu nimeshaita mara mbili, tena humo nimemwandika Mama Sara, kwa jina la mtoto. Ya tatu nitaita mwenyewe, nimesimama mlangoni kwa shemeji, na nitaita Susana. Akitoka, jibu ninalo, na si tabia.

Kitabu nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiingie vumbi. Ukurasa wa 113 sijaufungua.