Mama Mkwe Kwenye Onyesho la Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Jumamosi tunaenda kwa kina Among, mpenzi wangu, kujitambulisha. Mimi, Willis Okedi, bingwa wa video za harusi hapa Malaba, nitaenda na kitu ambacho Wateso wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda hawajawahi kuona. Filamu ya katuni! Maonyesho matano. Nafika, napokelewa, ng'ombe wanaingia, tunakula, Among anakuwa wangu.

Lazima nishinde. Geoffrey naye anamtaka. Geoffrey ni wakala wa kupitisha mizigo mpakani, shati jeupe kila siku, madereva wa malori wanamsalimia kwa honi. Among ameniambia waziwazi kwamba ananipenda mimi, lakini baba yake, Mzee Ilukor, anataka mtu wa maana. Basi ataniona. Kwenye shuka jeupe, ukuta mzima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejichora. Kitambi nimekiacha nje. Kisha nikamchora mama yake Among, Mama Akurut, kutoka kwa picha ya Krismasi. Gomesi nyekundu, lile gauni refu la sherehe, pengo la meno, kila kitu. Amekaa kwenye kiti sebuleni, anajitikisa na kupiga makofi kwa furaha ya kusikia nimefika. Makofi peke yake yamekula siku nzima. Mgongo umekufa.

Nikamwendea Sharlyne wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, ambaye alisomea mambo haya Kisumu na hachoki kutukumbusha. Akanicheka. Akasema hakuna mtu mwenye akili anayechora kitu kimoja mara mbili. Unakikopi kwenye onyesho hili, unakipesti kwenye lile. Vidole viwili tu! Na mimi miaka yote nimeteseka bure.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimekopi kila kitu. Sebule ya onyesho la pili nimeipesti onyesho la nne. Kiti kilekile, mahali palepale. Nyumbani Amukura nina ng'ombe wawili halisi. Kwenye filamu nimechora mmoja, nikampesti mara kumi na nne. Sharlyne alipita akasema wote wana doa jeupe kwenye sikio la kushoto na wanapunga mkia kwa pamoja kama askari wa gwaride. Nikamwambia ni ukoo mmoja.

Kabla ya kuondoka akanionya. Eti kitu ukishakipesti hakijui kimehama. Kinakaa palepale kilipokuwa na kinaendelea na kilekile kilichokuwa kikifanya. Eti lazima nikisogeze mwenyewe, halafu nitazame filamu yote kabla ya kumwonyesha mtu. Wivu huo! Mwalimu gani anafurahi akipitwa na mwanafunzi?

Ijumaa, 8 Agosti

Onyesho la nne, lile la kula, lilikuwa limepooza. Mimi peke yangu kitini na sahani ya kuku. Nikataka Mama Akurut aonekane mlangoni akielekeza wapishi. Mbali kabisa na mimi, maana kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe. Hawashikani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu. Nikamkopi kutoka onyesho la pili, nikampesti. Kabla sijamsogeza hadi mlangoni, stima ikapotea.

Iliporudi nilikuwa nimeshaenda kula chapati na maharagwe. Nikarudi nimeshiba, nikaitoa filamu yote kwenye flashi. Sikuitazama. Kazi ya mikono yangu naijua.

Jumapili, 10 Agosti

Jana. Mungu wangu, jana!

Tulianza vizuri. Baba mdogo Barnabas, msemaji wetu, aliongea hadi wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama Akurut alikuwa jikoni na kina mama wenzake, wakichungulia kupitia dirisha. Nikawasha projekta. Onyesho la kwanza, wakacheka vizuri. La pili, vigelegele kutoka jikoni. Ni yeye! Ni gomesi yake! La tatu, mzee mmoja akauliza mbona ng'ombe wote wanapunga mkia mara moja. Barnabas akajibu kwamba wamelelewa kwa nidhamu.

Ikaja la nne. Mimi kitini, na sahani yangu. Na juu ya mapaja yangu, gomesi nyekundu. Mama mkwe! Anajitikisa. Anapiga makofi. Pengo liko wazi. Nami chini yake natafuna kuku bila haraka yoyote.

Nikakimbilia laptopu niizime, nikabonyeza kitufe cha kurudia. Onyesho la nne likaanza upya. Mzee Ilukor akasimama mbele ya shuka kuificha ile picha, lakini alikuwa amevaa kanzu nyeupe, kwa hivyo tukahamia kifuani kwake, mimi na mke wake, tukiendelea. Huko jikoni sufuria ikaanguka.

Mzee hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Alisema: “Okedi, umemkalisha mke wangu kwenye mapaja yako mbele ya ukoo wangu. Lete kondoo tusafishe hii nyumba. Hadi Jumamosi. Bila kondoo, hakuna bibi.”

Among alinisindikiza hadi kwenye ua. Alikuwa amelia. Alisema mama yake amejifungia jikoni na hataki kumwona mtu. Halafu akanishika mkono.

“Willis, lete tu kondoo. Mimi nitaongea na mama. Lakini lete kondoo.”

Nilitaka kulia pia. Nikajikaza, kwa sababu ya Barnabas.

Jumatano, 13 Agosti

Sharlyne anasema mama yake ana kondoo Amukura na anaweza kunipa mmoja, nimpigie video ya harusi ya binti yake mkubwa. Nikafikiria. Mimi, mtu wa teknolojia, nimshike kondoo kwa kamba kando ya foleni ya malori? Madereva wanicheke? Na Geoffrey awe pale na karatasi zake, anitazame? Hapana. Mzee alisema kondoo. Hakusema wa aina gani.

Among amepiga simu mara tatu. Nimemwambia kondoo yuko njiani. Akasema asante, sauti ikawa nyepesi kabisa. Nilijisikia mwanamume.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemkopi ng'ombe wa onyesho la tatu. Nikampunguza, nikamfuta pembe, nikamvika sufu. Lile doa la sikio limebaki, linapendeza. Nimempesti mbele ya nyumba ya Mzee Ilukor, anapunga mkia kwa adabu. Nikamtumia Mzee video hiyo kwa simu, na ujumbe: Baba, pokea kondoo. Siku moja kabla ya muda! Nani mwingine hapa Malaba angeweza?

Sharlyne aliitazama yote. Alinirudishia flashi yangu, akafunga saiba saa kumi kamili.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee amejibu! Ametuma picha ya Among, ile ndogo ya kitambulisho, kichwa na mabega. Chini yake ameandika: “Kondoo tumempokea. Na bibi yako ndiye huyo. Mtunze vizuri.”

Nimepewa! Nimempigia Barnabas, akakata simu kwa furaha. Among hapokei simu tangu Ijumaa. Aibu ya bibi harusi, naielewa.

Jana watu walimwona Geoffrey akishuka kwa kina Among na wazee wake, ng'ombe sita kwenye lori, na hadi jioni vigelegele vilikuwa havijaisha. Maskini! Wamemkaribisha kwa heshima tu, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia amechelewa. Nikimwona mpakani nitampa pole mwenyewe.

Kazi haingoji. Nimemkata Among kutoka kwenye picha, nimemkopi, nimempesti kwenye onyesho la tano, sebuleni kwangu, kitini kabisa. Anaonekana vizuri sana. Kesho nitamwekea mikono.