Mwongozo wa Kugonga Kisigino Bwawani

Ninatangaza rasmi, na wenye simu naomba wazizime, kwamba kuanzia leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, hapa Soweto jijini Mbeya, kisigino cha mwogeleaji aliye mbele kitagongwa mara moja tu, kwa ncha za vidole, na si vinginevyo. (Makofi. Mama mmoja nyuma: «Kisigino?»)

Kisigino, mama, umesikia vizuri. Sasa nirudi kwenye itifaki. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika. Waheshimiwa wachungaji na mapadri mliotoka Iringa tangu jana. Wazee wetu wafugaji wa bonde la Usangu, ambao habari za maji mnazijua kwa kuyakosa. Akina mama wa mpunga kutoka Chimala. Wadau wa maendeleo, mastekiholda wa ndani na wa nje. Katibu wangu Devota, uliyeandika hotuba hii nami nikairefusha. Na mimi mwenyewe, Rabson Kalinga, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Trayathloni ya Bwawani Nyanda za Juu Kusini, Mwenyekiti Mwenza wa kamati ndogo inayoisimamia kamati hiyo, na mlezi wa zote mbili. Kamwene! («Kamwene!») Ndaga fijo, asanteni sana. (Makofi, mengi ya watu wa Tukuyu.)

Ndugu zangu, wapo wanaouliza trayathloni ni nini. Ni mchezo wa kuogelea, kisha baiskeli, kisha mbio, bila kukaa chini katikati kunywa chai. Mahali penye ziwa watu huogelea ziwani, kila mtu na upande wake. Lakini bwawani, ndugu zangu, watu kumi na wawili wanaingia kwenye mstari mmoja mwembamba, wanakwenda kwa upande wa kulia na kurudi kwa upande wa pili, wanapita chini ya kamba kuingia mstari unaofuata, na hapo ndipo swali kubwa la karne hii linapozaliwa: nani ampishe nani?

Sisi hatukukurupuka. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafanya upembuzi wa ule upembuzi, tukaandaa rodimapu, na mimi binafsi nikatumwa nje ya nchi kwa ajili ya eksipozha, ambako nilikaa siku nne kando ya bwawa la hoteli, kwenye kiti cha kulalia, nikitazama visigino vya watu kwa uadilifu mkubwa. (Kicheko.) Msicheke. Mimi siogelei, lakini hata daktari wa mifugo hali majani.

Nilichokiona huko ndicho kilichomo kwenye Mwongozo huu wenye kurasa sitini na nne. Mwenye kasi akimfikia wa mbele, anamgonga kisigino mara moja. Hamvuti mguu, hampandi mgongoni. Na wa mbele akigongwa hasimami katikati ya maji. Anaendelea mpaka ukutani, pale anajibana kwenye kona, mwenziwe anaugusa ukuta, anajisukuma kwa miguu na kupita. Ni kama mlima wa Kitonga. Lori la vitunguu la Ruaha Mbuyuni linapanda taratibu, basi liko nyuma, halipiti kwenye kona. Linasubiri mahali pa kupishana, dereva wa lori anatoa mkono dirishani, wanaachana kwa heri. (Sauti: «Lori la Kitonga linapisha, Mheshimiwa. Wengine hawapishi.») Asante kwa mchango.

Naja kwenye kipengele cha kugeuka. Mwogeleaji ni lazima auguse ukuta. Asigeukie mbali, mita mbili kabla, kama mtu aliyekutana na mkwe wake njiani. (Minong'ono. Watu wanamtazama mwanamke kijana aliyesimama karibu na jukwaa, begi mgongoni, kofia ya kuogelea mkononi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele anageuza kiti chake aangalie upande mwingine.)

Naona mnamtazama Atuganile. Basi tulizungumze, kwa sababu kamati yangu ni ya uwazi.

Huyu ni binti yetu wa Chimala, amejifunzia kuogelea kwenye mfereji wa mpunga, na wanaojua wanasema hana mpinzani kuanzia hapa hadi Iringa. Kesho kuna mchujo huko Iringa, kwenye bwawa la shule moja, na atakayeshinda anaingia timu ya taifa. Anachohitaji ni barua ya kumtambulisha, yenye saini yangu na muhuri wangu. (Atuganile: «Shikamoo Mheshimiwa. Barua ninayo hapa, imeshachapwa. Basi letu linaondoka saa tano.») Marahaba. Saa tano bado.

Lakini taratibu ni taratibu. Hakuna anayepewa barua bila kufaulu mtihani wa kupishana, na Jumanne iliyopita tulifanya mtihani huo chini ya programu yetu ya pailoti, Awamu Kavu. Washiriki mia moja na kumi na wawili walilala kifudifudi kwenye sakafu ya ukumbi, mistari ikiwa imechorwa kwa chaki, wakasogea kwa matumbo kuelekea ukutani. Asilimia tisini na nne nukta sita walifaulu, na asilimia mia walichafuka. (Makofi.) Atuganile alikwenda kasi kuliko wote. Akamfikia wa mbele yake. Akatakiwa kugonga kisigino. Hakugonga! Alisimama, akajifunika uso kwa khanga, akageukia ukutani, na watu kumi waliokuwa nyuma yake wakarundikana kama malori kwenye mzani. Msimamizi akaandika: «Ameshindwa kupita.»

(Mama wa nyuma: «Angempitaje? Aliyekuwa mbele ni Mzee Isakwisa, baba mkwe wake! Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami mkwewe usoni, wewe unataka amshike mguu?»)

Mama, Mwongozo hauna kabila.

(Mama: «Ndiyo maana hauna akili.» Kicheko kirefu. Katibu Devota anapeleka kikaratasi jukwaani.)

Katibu ananiandikia hapa kwamba ni saa nne na dakika arobaini. Namshukuru kwa takwimu. (Mzee Isakwisa, mjumbe wa kamati, anasimama, mgongo kwa mkwewe: «Mheshimiwa, kosa ni langu. Mlinipanga mbele kwa sababu ya umri, na kasi sina. Kesho huko Iringa mimi simo majini. Huko visigino ni vya watoto wenziwe, atavigonga vyote. Msainie mtoto wa watu aende.»)

Mzee wangu, hekima yako nimeipokea na nimeiweka kwenye fidibeki. («Iweke kwenye barua!» Makofi.) Tutaunda kikosi kazi cha kuangalia suala la wakwe majini: je, mkwe agongwe kwa fimbo ndefu, je, agongwe na mtu wa tatu kwa niaba, je, kila mstari uwe na mshenga. Kikosi kazi kitaleta ripoti ndani ya robo tatu za mwaka wa fedha, kwa maana sisi si watu wa kukimbizana.

Niruhusuni nieleze sasa mafanikio yangu kumi na tisa. La kwanza, kapasiti bildingi. Kabla yangu, mkoani hapa hakukuwa na hata mtu mmoja aliyejua kisigino kinagongwa mara ngapi. Leo hii, hata kule mashambani, mtoto ukimuuliza...

(Atuganile, kwa sauti: «Mheshimiwa, samahani. Mimi nimekugonga kisigino mara tatu asubuhi hii. Uko mbele yangu, mwendo wako ni huo, na basi linaondoka. Nipishe.» Watu wanasimama. Vigelegele. Hata Mzee Isakwisa anapiga makofi, bado ameangalia ukuta.)

Tulieni. Tulieni! Binti amesoma Mwongozo, na hilo nalihesabu kuwa fanikio la ishirini. Lakini hakufika ukurasa wa thelathini na moja. Aliye mbele hapishi katikati ya maji. Hupisha akifika ukutani. Na mimi, ndugu zangu, ukutani sijafika; niko kwenye fanikio la kwanza. (Kelele. Honi ya basi inasikika kutoka barabara kuu, mara mbili ndefu. Atuganile anainua mkono wenye barua. Honi ya tatu inasikika kwa mbali zaidi. Anaushusha.)

Mnaona? Limeondoka lenyewe, wala hakuna aliyelaumiwa. Kwa hiyo, Atuganile mwanangu, usinung'unike. Mimi si mtu wa kinyongo. Utarudia mtihani wako, safari hii kwa Awamu ya Maji, ndani ya Bwawa letu la Kisasa la Nyanda za Juu, la mita ishirini na tano, lenye mistari sita na kuta mbili za kimataifa. Siku utakapougusa ukuta wa bwawa letu mara kumi na sita na kumpisha kila anayestahili kupishwa, siku hiyohiyo, kabla hujajifuta maji, nitasaini. Neno langu ni saini. (Atuganile: «Kwa hiyo hilo bwawa liko wapi?»)

Naelekea huko. Tumalizie kwa kaulimbiu. Kupishana? («...») Semeni, ni ustaarabu! Kugeuka? («...») Ni maendeleo! Kisigino? (Mama wa nyuma: «Chako!») Kisigino oyee! (Mchungaji mmoja: «Oyee.»)

Kwa namna ya pekee nawashukuru wote waliofanikisha mradi huu: wachoraji wa chaki, waliofua nguo za washiriki, mafundi wa kipaza sauti. Na shukrani za mwisho zimwendee Mzee Aroni, mwenye lile shamba la viazi tulilolichagua kwenye upembuzi. Tulimwomba atupishe tuchimbe bwawa. Alikataa mwaka juzi, na mahali pengine hatujatafuta.